Ngoma, Soko na Taka: Je, Matamasha ya Muziki Hutimiza Yanayoyahubiri?

Mwaka jana, baada ya kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7 Julai, tulibaki uwanjani sisi wachache tuliopewa kazi ya kufunga shughuli. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda zao, vipaza sauti vimekwisha kupakiwa garini, na nyasi za uwanja wa shule iliyotukaribisha zilikuwa hazionekani vizuri kwa wingi wa chupa za plastiki. Juu ya jukwaa kilikuwa bado kinaning'inia kitambaa tulichokiandika kwa mikono yetu wenyewe, kisemacho: Kiswahili na Utunzaji wa Mazingira. Mchana kutwa wanafunzi walikuwa wameghani mashairi juu ya miti na mito, nasi tumewapigia makofi, kila mmoja wetu akiwa na chupa yake kwapani. Jioni hiyo mama anayefagia shule ile alitujia, akatuuliza kwa adabu: "Walimu wangu, hizi taka mnaondoka nazo, au ni zetu?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi kwamba wanafunzi wangeziokota Jumatatu, na baadaye tukapata habari kwamba zilichomwa moto nyuma ya jiko la shule. Tangu siku hiyo swali la mama yule halijatutoka moyoni. Tumeliona kuwa ni swali la maadili lililo kubwa kuliko uwanja mmoja wa shule, na linalogusa jambo ambalo vijana wetu wanalisikia na kulitamani, yaani yale matamasha makubwa ya muziki ambayo, tangu yalipoanza kuvuma duniani, yamedai kuwa shule ya maisha mengine: maisha yasiyotawaliwa na kununua na kuuza, na yanayoiheshimu ardhi. Je, matamasha hayo hutimiza yanayoyahubiri? Na ikiwa hayatimizi, je, tuyaite ya kinafiki tuyaache, au liko jambo la kujifunza hata katika kushindwa kwake?

Yafaa kwanza tukumbuke dai lenyewe lilivyozaliwa. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Agosti, 1969, vijana wanaokadiriwa kufikia 400,000 walikusanyika katika shamba la mfugaji Max Yasgur, huko Bethel, jimbo la New York, katika tamasha lililoitwa Woodstock. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, lakini uzio haukuwahi kukamilika, na waandaaji wakalazimika kutangaza kwamba watu waingie bure. Chakula kilipopungua, wakazi wa jirani waliwapelekea vijana hao walichokuwa nacho. Kutokana na siku hizo ikazuka hadithi iliyoenea duniani, kwamba watu wengi mno waweza kuishi pamoja kwa muziki na kugawana, pasipo soko na pasipo polisi wengi. Hadithi hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini ni kweli pia kwamba tamasha lile lilianza kama biashara. Waandaaji waliingia katika deni la zaidi ya dola milioni moja, na deni hilo lililipwa hatimaye kwa mapato ya filamu na santuri. Shamba nalo liliachwa limejaa matope, mablanketi na taka. Basi tangu mwanzo mambo matatu yalikwenda pamoja: ukarimu, biashara na uchafu. Wasimulizi walichagua kukumbuka la kwanza.

Miaka 30 baadaye jina lile lile lilitumiwa tena. Mwezi wa Julai, 1999, tamasha la ukumbusho liliandaliwa katika mji wa Rome, jimbo hilo hilo la New York, katika kambi ya zamani ya jeshi la anga. Mahali pa majani palikuwa na lami, na joto lilikuwa kali. Mabomba ya maji ya bure hayakuwatosheleza watu, na chupa moja ya maji iliuzwa kwa dola 4. Siku ya mwisho mioto iliwashwa uwanjani, mingine kwa mishumaa iliyokuwa imegawiwa kwa nia njema ya kuombea amani, na vibanda vya wauzaji vikavunjwa na kuporwa. Hatusemi kwamba bei ya maji peke yake ndiyo iliyoleta ghasia zile, wala hatuwatetei waliofanya maovu. Twasema tu kwamba mtu aliyekaribishwa kwa jina la undugu, kisha akauziwa maji kwa bei ya uchu, hutambua upesi kwamba hakualikwa karamuni bali amepelekwa sokoni. Na sokoni si vibaya kwenda. Kibaya ni kudanganywa kuwa si soko.

Wako waliojaribu kulikata tatizo hili kutoka shinani. Mwaka 1986 Larry Harvey na Jerry James walichoma sanamu ya mbao katika ufuo wa Baker, mjini San Francisco, mbele ya watu wachache. Kutokana na moto huo mdogo likakua kusanyiko la Burning Man, ambalo tangu mwaka 1990 limekuwa likifanyika katika jangwa la Black Rock, jimbo la Nevada, na sasa huwakusanya watu wapatao 70,000. Muziki si kiini chake pekee, ingawa hupigwa usiku kucha. Mwaka 2004 Harvey aliandika kanuni kumi za jumuiya hiyo. Mojawapo yakataza mambo yote kugeuzwa bidhaa. Nyingine yaamuru kila mtu asiache alama yoyote nyuma yake. Humo jangwani hakuna duka wala tangazo la biashara. Kinachouzwa ni barafu tu, na kila kitu kingine watu hupeana kama zawadi. Baada ya kusanyiko wafanyakazi na wasaidizi hutembea kwa safu juu ya udongo ule mweupe, wakiokota hata kijisehemu cha uzi na maganda ya mbegu, kisha wakaguzi wa serikali huja kupima usafi.

Mtu akiishia hapo atasema kuwa ahadi imetimizwa. Lakini tuuzunguke uzio wa jangwa lile tuone nyuma yake. Anayetaka kuishi siku saba bila kununua kitu hana budi kwanza kununua kila kitu: maji, vyakula, mahema, baiskeli, taa, mavazi ya ajabu, na tiketi yenyewe ya mamia ya dola. Ununuzi haukukoma, ulihamishwa tu ukafanyika kabla ya lango. Hali kadhalika alama isiyoachwa ardhini huachwa angani. Waandaaji wenyewe, na tuwasifu kwa ukweli wao, walikadiria mwaka 2019 kwamba kusanyiko lao hutoa takriban tani 100,000 za hewa ya ukaa, na kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hizo hutokana na safari za watu kwenda na kurudi. Mwezi wa Agosti, 2023, wanaharakati wa mazingira waliifunga barabara iendayo huko, na miongoni mwa madai yao walitaka ndege za watu binafsi zipigwe marufuku. Siku chache baadaye mvua ilinyesha, udongo ukawa kama gundi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakwama jangwani.

Tamasha la Glastonbury, huko Somerset nchini Uingereza, latupa mfano wa namna nyingine. Lilianza mwezi wa Septemba, 1970, katika shamba la Michael Eavis, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kiingilio kilikuwa pauni 1, na ndani yake mlikuwa na maziwa ya bure kutoka shambani. Walikuja watu wapatao 1,500. Leo huja zaidi ya 200,000, na mwaka 2025 tiketi ilikuwa pauni 373 na peni 50. Tamasha hili halikujificha nyuma ya maneno. Katika miaka ya 1980 lilichangia harakati za kupinga silaha za nyuklia. Baadaye limewachangia Oxfam, Greenpeace na WaterAid, na katika miaka ya karibuni michango yake kwa mashirika ya hisani imezidi pauni milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2019 lilikataza kuuza vinywaji katika chupa za plastiki za kutumiwa mara moja, baada ya miaka ambayo chupa hizo zilihesabiwa kwa zaidi ya milioni moja katika tamasha moja. Na kila baada ya miaka kadhaa halifanyiki kabisa, ili ardhi na ng'ombe wapumzike. Mwaka 2026 umewekwa kuwa wa mapumziko.

Hata hivyo, hapa pia mto una ushahidi wake. Mwaka 2014 maji machafu ya vyoo yalivuja yakaingia katika mto Whitelake, samaki wakafa, na mwaka 2016 mahakama ikatoza faini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor walichapisha matokeo ya sampuli za maji zilizochukuliwa wakati wa tamasha la 2019. Walikuta mabaki ya dawa za kulevya, nyingine kwa kiasi cha kuhofiwa kudhuru viumbe vya majini, na wakaeleza kuwa chanzo ni watu kukojoa ovyo ardhini. Watu hao hao, yumkini, walikuwa wameimba juu ya uzuri wa dunia.

Tumeyaleta mambo haya yote ili tusihukumu kwa kukisia. Sasa twaweza kuuliza: je, huu ni unafiki?

Sisi twaona kwamba neno hili hutumiwa ovyo. Mnafiki ni yule asemaye jambo asiloliamini, kwa kusudi la kupata faida kwa wale wanaomsadiki. Mtu anayeliamini jambo, akalijaribu, akashindwa nusu ya njia, si mnafiki; ni mpungufu, kama wapungufu tulivyo sote. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwalimu anayewafundisha watoto sarufi kisha yeye mwenyewe akakosea katika barua yake hajawa mnafiki. Lakini mwalimu anayejua kuwa amekosea, akaificha barua, na akaendelea kuwachapa watoto kwa kosa lile lile, huyo amekwisha vuka mpaka. Alama ya mpaka huo ni jinsi mtu anavyoipokea hesabu ya makosa yake. Tamasha linalotangaza tani zake za hewa ya ukaa, linalopiga marufuku chupa baada ya kuzihesabu, bado limo njiani. Tamasha linalochora majani mabichi katika mabango yake huku likiuza maji kwa bei ya kiu limeligeuza wazo jema kuwa bidhaa nyingine rafuni. Huo ndio unafiki, na ni mbaya kuliko biashara ya wazi, maana muuzaji wa wazi huchukua fedha zetu tu, lakini huyu huchukua pia imani yetu, hata tukaja kudhani kwamba kila asemaye mema anauza kitu.

Msomaji mmoja atatukatiza hapa: "Mambo haya ni ya Wazungu. Ngoma zetu za jadi zilikuwa safi. Watu walicheza baada ya mavuno, bila tiketi na bila plastiki." Twapenda sana kumkubalia, lakini historia hairuhusu. Ni kweli kwamba mabaki ya karamu za mababu yalikuwa majani ya migomba na vibuyu, navyo vilioza vikawa mbolea. Sifa hiyo, lakini, ni ya majani, wala haitoki katika mioyo ya watu. Ngoma ya beni, iliyoanza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, ilikuwa na vyama vilivyoshindana kwa fahari, kama vile Marini na Arinoti, na mwanahistoria Terence Ranger alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975. Washindani walishona sare, walinunua tarumbeta, waliandaa karamu za kuwatahayarisha wapinzani. Humo mlikuwa na heshima, umoja na kusaidiana, lakini mlikuwa pia na kutumia mali ili jirani aonekane fukara. Tamaa ya kujionyesha haikuja na meli. Tukiisingizia nchi nyingine tutakuwa tumejinyima nafasi ya kuitibu.

Hoja nyingine ni ngumu zaidi. Yasemwa kwamba sikukuu kwa asili yake ni siku ya kuzidisha. Mwaka mzima mtu hupima unga kwa kibaba. Siku ya sherehe humwaga. Kumtaka ashereheke kwa kipimo ni kumtaka asisherehekee. Hoja hii ina uzito, nasi hatutaki dunia ambayo kila wimbo hupigiwa hesabu ya karani. Lakini tuangalie aliyemwaga ni nani, na aliyefagia ni nani. Katika karamu ya kweli mwenye karamu huzidisha katika kilicho chake, na kesho yake yeye ndiye anayekula ugali mkavu. Ukarimu wake wamgharimu yeye. Katika karamu tunazozichunguza, mara nyingi anayezidisha ni mmoja na anayegharimika ni mwingine: samaki wa mto, mkulima wa jirani, mfagiaji, au mtoto ambaye hajazaliwa na atakayeipokea hewa tuliyoichafua. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, ukarimu hugeuka ubadhirifu. Kiasi kilichotumika hakitoshi kuwa kipimo. Lazima tuulize gharama imebebeshwa nani, na kama aliyebebeshwa alikuwamo ngomani.

Tukikishika kipimo hiki, tutaweza kuyapima matamasha yetu wenyewe pia. Hapa Uganda, mwezi wa Septemba, 2022, Bunge lilijadili kwa ukali tamasha la muziki la Jinja, lililoanza mwaka 2015, ambalo jina lake sisi walimu wa Kiswahili tunaona haya kulitamka darasani. Lilipigwa marufuku kwa hoja ya maadili, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka huo lilikuwa lifanyike karibu na maporomoko ya Itanda, kwenye mto Nile. Katika mabishano tuliyoyasikia, maadili yalimaanisha mwili: mavazi, ulevi na zinaa. Hatusemi mambo hayo hayana maana. Lakini tulistaajabu kwamba maji ya mto ule, yanayonywewa na watu hadi Misri, hayakuonekana kuwa jambo la maadili. Huenda kosa ni letu walimu, maana sisi ndio tunaofundisha neno hili, na mifano tunayoitoa darasani haina mito.

Zanzibar nako kuna funzo. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kujulikana kwa maonyesho yake katika Ngome Kongwe, huwatoza wenyeji kiingilio cha chini kuliko wageni, ili ngoma isiwe mali ya watalii peke yao. Huo ni uamuzi mwema. Lakini mwaka 2016 halikufanyika, kwa kuwa fedha za wafadhili hazikutosha. Anayekataa kumtoza mwananchi bei ya soko hana budi kumtegemea mfadhili, na mfadhili naye aweza kuchoka, au kuja na bendera yake. Asiye na mali hawezi kuikataa biashara kwa neno tu. Lazima ajue atakula nini kesho.

Jambo hili twalijua kwa kuwa limetufika. Chupa zile za mwaka jana hatukuzinunua sisi. Tulipewa bure na mfadhili, pamoja na fulana ambazo jina lake lilikuwa kubwa kuliko jina la Kiswahili. Mfadhili huyo huyo ndiye aliyelipa nauli za wanafunzi kutoka shule za mbali, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kusikia mashairi yao yakipigiwa makofi na wageni. Mwaka huu ameahidi tena yote mawili, chupa na nauli, na kamati yetu imegawanyika. Wenzetu mmoja wamesema kuwa kukataa ni kiburi cha waliokwisha kufika mjini: tutakuwa safi sisi, na mtoto wa kijijini atabaki kwao. Wengine wamesema kuwa kupokea ni kuwafundisha watoto kwamba shairi ni pambo la bidhaa.

Baada ya kutafakari, sisi tunaoandika makala hii twaona hivi. Nauli ipokewe kwa shukrani, na jina la mfadhili litajwe kwa heshima mbele ya watu. Chupa zisipokewe. Maji yachemshwe jikoni mwa shule, yawekwe mitungini, na kila mmoja aje na kikombe chake, kuanzia mgeni wa heshima hadi mtoto wa darasa la kwanza. Mfadhili akisema kwamba nauli na chupa havitenganishwi, basi tufanye sherehe ndogo zaidi, katika wilaya tatu badala ya moja, ili mashairi yawafuate watoto badala ya watoto kuyafuata mashairi. Tutapoteza fahari ya umati. Hatudhani kwamba tutapoteza Kiswahili.

Wala hatudai kwamba kwa kufanya hivyo tutakuwa tumetimiza kila tunalolihubiri. Mabasi yatatoa moshi, na bila shaka kitu fulani kitasahauliwa nyasini. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Matamasha yale makubwa yameshindwa mara nyingi, na pale yalipokubali kuhesabu kushindwa kwake yamesogea hatua moja mbele. Pale yalipoficha, yamegeuka maduka yenye ngoma. Nasi tuchague hivyo hivyo. Swali la kama tamasha letu ni jema lisijibiwe na mgeni wa heshima katika hotuba ya mwisho. Kamati nzima na ibaki uwanjani mpaka jioni, ifagie, na mama yule wa shule, ambaye mwaka jana tulimwachia mzigo usio wake, apewe kiti chake mbele pamoja na wageni. Akituuliza tena taka ni za nani, tuwe tumekwisha kuzibeba.